Nesi, bonyeza kwanza ndipo udunge

Ndugu yangu mdogo hudungwa penisilini ya benzathini kila wiki nne, kwa sababu homa ya baridi yabisi ilimgusa moyo. Dawa yenyewe ni nzito, inaingia polepole, na siku mbili anakalia tako moja. Mwezi jana alitoroka kliniki. Simlaumu. Lakini akiruka dozi, homa inaweza kurudi na kuharibu vali za moyo zaidi.

Sasa, kuna ujanja usiogharimu hata ndururu: nesi abonyeze kwa kidole gumba, kwa nguvu, pale atakapodunga, sekunde kumi hivi. Kisha apanguze spiriti, ikauke, adunge. Si uganga. Mwaka wa 1965 Melzack na Wall walieleza kwamba hisia ya kuguswa huweza kuzuia ile ya maumivu kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana ukigonga goti unalisugua bila hata kufikiria.

Uchungu wote hauishi, tusidanganyane. Lakini nesi niliyemwomba alinijibu ati foleni ni ndefu. Sekunde kumi, jameni! Kumtafuta mgonjwa aliyetoroka kunachukua muda gani? Wiki ijayo naandamana naye, nitaomba tena. Nikikataliwa, kidole gumba ninacho.