Nani Mwenye Kamera?

Desturi ya biashara tangu kale ni nyepesi kueleweka. Mwuzaji hutoa kitu, mnunuzi hutoa thamani yake, na baada ya hapo kitu kimehama mikono. Mnunuzi aweza kukitumia, kukiazima, kukirithisha wanawe, na kikiharibika aweza kukipeleka kwa fundi amtakaye. Watengenezaji wa kamera wa zama hizi wameipindua desturi hiyo pasipo kuutangazia ulimwengu. Hupokea thamani kamili, hutoa kamera, kisha hubaki na mamlaka ya kuamua nani ataifungua, kwa vipuri gani, katika nchi ipi, na kama yastahili kutengenezwa au kutupwa. Mnunuzi huwa mwenye mali siku ya kulipa tu.

Na achukuliwe mpiga picha mmoja wa Tanga ambaye riziki yake ni arusi. Pazia la kamera yake, yaani kile kipande chembamba kinachofunguka na kufumba kwa sehemu ndogo ya nukta ili nuru ipite, limekwama. Fundi wa mjini aujua ugonjwa huo kwa kusikia mlio wake. Hana shaka juu ya dawa, lakini dawa haipatikani, kwa kuwa kipande hicho hakiuzwi kwa watu kama yeye. Basi mwenye kamera huandika barua kwa kiwanda kilichoko ng'ambo. Majibu huja kwa adabu nyingi na msaada haba: aeleze kamera ilinunuliwa wapi, lini na kwa nani, atoe stakabadhi, ataje namba iliyochongwa chini ya kamera, kisha aipeleke kwa gharama yake Dubai, au kokote kule ambako kampuni imependa kuweka kituo cha kuhudumia sehemu hii ya dunia. Hapo hufuata gharama ya kusafirisha, bima, na karatasi za forodha za kuthibitisha ya kwamba chombo kitakachorudi ndicho kile kile kilichotoka, wala si kipya kinachokwepa ushuru.

Baada ya majuma kadhaa hufika hukumu. Pengine ni bei inayokaribia ya kamera nyingine. Pengine ni maneno kwamba imeonekana alama ya unyevu au chumvi, kwa hiyo dhamana haihusiki. Na mtu wa pwani aweza kuuliza ni kamera gani iliyotumika Tanga miaka mitatu isiyoonja chumvi. Akiikataa bei hiyo, mara nyingi hutakiwa alipie uchunguzi na nauli ya kurudishiwa mali yake mwenyewe ikiwa mbovu kama ilivyokwenda. Katika muda huo msimu wa arusi umekwisha pita, na wateja wamejifunza njia ya kwenda kwa mwingine.

Hasara hiyo si ya wapiga picha wa arusi peke yao. Mwanachuoni aliyekwenda kisiwani kupiga picha hati za kale za tenzi, zilizohifadhiwa sandukuni na familia ya mtunzi, hupatwa na jambo lile lile. Mchwa hawangoji barua kutoka ng'ambo.

Watetezi wa viwanda watasema kuwa haya ni matatizo ya umbali, na kwamba nchi zilizo karibu na soko kubwa haziyajui. Mambo yaliyotokea Marekani yawajibu. Mwaka 1959 kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa kamera iliyoitwa Nikon F. Sehemu zake kubwa, kama vile kitazamio na mgongo wake, ziliweza kuondolewa na kubadilishwa kwa mkono na mwenye kamera mwenyewe, na waandishi wa habari waliibeba vitani na milimani. Kwa kamera za namna hiyo kampuni ilijipatia heshima kubwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2012 tawi la kampuni hiyo nchini Marekani lilitangaza kwamba tangu tarehe 13 Julai halitawauzia tena vipuri mafundi wasio na mkataba nalo. Sababu iliyotajwa ni kuwa kamera zimekuwa za utata mwingi na zahitaji vyombo maalumu. Mafundi waliokuwa wametengeneza kamera hizo miaka mingi wakajikuta ni wageni katika kazi yao. Walibaki wachache wenye mkataba, na mikataba hiyo nayo haikufanywa upya baada ya Machi 2020. Nchi yenye watu zaidi ya milioni mia tatu, yenye barabara na posta zisizo na kifani, ikaachiwa vituo vya kampuni yenyewe. Umbali, basi, si asili ya taabu hii. Umbali huizidisha tu kwa mtu wa Tanga taabu ambayo ilitengenezwa kwa makusudi.

Mwaka ule ule wa 2012 una jambo jingine la kukumbukwa. Mwezi wa Septemba, miezi miwili baada ya mlango kufungwa kwa mafundi wa nje, kampuni hiyo ilitoa kamera ya D600. Wengi walioinunua waliona madoa katika picha zao: punje za vumbi na matone ya mafuta yaliyolirukia bamba linalopokea nuru mahali pa filamu. Oktoba 2013 ilitoka D610 yenye pazia jipya. Februari 2014 kampuni ikakubali kuzisafisha D600 na kuzibadilishia pazia bila malipo, hata zile ambazo dhamana yake ilikuwa imepita, na Machi mwaka huo serikali ya mji wa Shanghai iliamuru kamera hiyo isiuzwe tena. Yasemekana fundi wa nje hawezi kuaminiwa na utata wa kamera za kisasa. Kosa hili lilitoka ndani ya kiwanda, chini ya macho ya wale wenye vyombo maalumu, na fundi wa Marekani asiye na mkataba hakuwa na njia ya kununua pazia la kuliondoa.

Haki yadai isemwe kuwa Nikon haikutajwa hapa kwa ubaya uliozidi wa wenziwe. Imetajwa kwa kuwa mambo yake yamejulikana hadharani, na kwa kuwa kamera zake ni nzuri. Kamera mbaya haimtii mtu uchungu ikifa.

Yafaa pazia lifikiriwe zaidi, maana ndani yake imo hoja yote. Watengenezaji hulijaribu pazia kabla ya kuliuza na huichapa hesabu ya majaribio katika matangazo yao kwa fahari. La D600 lilijaribiwa kwa mara 150,000. La D800, ya mwaka ule ule, kwa mara 200,000. Mpiga picha apigaye picha 1,500 katika arusi moja hufikia 150,000 katika arusi mia, na wako wenye arusi mia katika mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe ajua, na kwa maandishi yake amekiri, ya kuwa kipande hiki kina umri, kama gurudumu la gari lilivyo na umri. Auzaye gari huku akizuia magurudumu yasiuzwe kwa mtu yeyote ila yeye, hakuuza gari. Amelikodisha kwa muda wa magurudumu manne, na amepokea bei ya kuuza.

Zipo hoja tatu za upande wa pili. Ya kwanza ni usalama. Kamera yenye taa ndani yake huhifadhi umeme wa volti mia tatu hivi, na mtu asiyejua aweza kupigwa. Ni kweli. Lakini fundi wa redio na wa televisheni alizoea umeme mkali zaidi ya huo kabla ya kamera hizi kubuniwa, na kuutoa umeme huo kabla ya kugusa ni somo la siku ya kwanza. Ya pili ni siri za kazi. Hoja hii ni dhaifu, kwa sababu mshindani mwenye fedha hununua kamera dukani na kuifumua yote katika maabara yake. Anayezuiliwa ni fundi mwenye bisibisi peke yake. Ya tatu ina uzito: kazi nyingine zataka usahihi wa ajabu. Kutoka kishikio cha lenzi za Nikon cha aina ya F mpaka mahali picha inapotua ni milimita 46.5, na kosa lisiloonekana kwa jicho latosha kuitia ukungu picha nzima. Lenzi ambayo vioo vyake vimeachana yaweza kuhitaji vyombo ambavyo fundi wa mtaani hana. Hapana fundi mwaminifu abishaye hilo. Lakini kutoka hapo mpaka kuzuia kitufe, springi, mfuniko wa betri au utepe wa nyaya ni safari ndefu, na watengenezaji huiruka kwa hatua moja wakitumaini mteja hatatazama chini. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilizipima hoja za namna hii za watengenezaji wa vyombo mbalimbali, ikaliambia Bunge la nchi hiyo kwamba ushahidi wake ni haba.

Mambo mengine ni madogo kiasi cha kuaibisha. Skrubu za kamera za Kijapani zina kichwa chenye msalaba ufananao sana na ule wa skrubu za kawaida, lakini si ule. Umetengenezwa kwa kipimo cha Japani. Fundi asiyejua huingiza bisibisi yake, huzungusha, na msalaba hulika usifae tena. Kisha mtaalamu wa kiwanda hutazama skrubu iliyolika, huandika kwamba kamera imechezewa na mtu asiyestahili, na huikataa. Mstari mmoja katika kitabu cha matengenezo ungaliiokoa skrubu hiyo. Kitabu chenyewe hakiuzwi.

Baya kuliko hayo ni kuigawa dunia mafungu. Tawi la Nikon nchini Marekani limekuwa na kanuni ya kutoitengeneza kamera ambayo halikuiingiza nchini lenyewe, hata mwenyewe akiwa tayari kulipa kila senti. Mwanafunzi aliyenunua kamera yake Dubai, akaenda nayo kusoma Chicago, akiwa na stakabadhi halali na fedha mkononi, yu mbele ya kanuni hiyo kama mtu mwenye kamera ya wizi. Kiwanda ni kile kile, jina lililoandikwa mbele ya kamera ni lile lile, na vipuri havitofautiani hata kwa unywele. Kampuni hutaka iwe moja duniani inapotangaza sifa zake, na iwe nyingi zisizojuana inapotakiwa kutimiza wajibu.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kufundishwa kuwa mambo yangeweza kuwa vingine, maana wameyaona vingine kwa macho. Baiskeli za Raleigh ziliundwa Nottingham, katika Uingereza, zikaenea bara na pwani. Hapana mtu aliyepata kuirudisha baiskeli Nottingham kwa sababu ya spoki iliyokatika. Spoki, mnyororo, pedali na raba za breki ziliuzwa katika duka la kila mji mdogo, na fundi wa baiskeli alikaa chini ya mwembe na pampu yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa cherehani za Singer, ambazo bibi aliziacha kwa binti na binti kwa mjukuu. Viwanda hivyo havikufilisika kwa kuwaamini mafundi. Mafundi ndio waliowafanyia kazi ya kuzidumisha bidhaa zao katika nchi ambazo wenye viwanda hawakuzikanyaga, na mtu aliyeona baiskeli ya jirani ikienda miaka ishirini hakuhitaji tangazo lingine.

Baadhi ya nchi zimeanza kulitunga jambo hili katika sheria. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vyombo vya elektroniki, ikatiwa sahihi Desemba 2022. Umoja wa Ulaya nao ulitoa agizo mwaka 2024, lililopangwa kutumika tangu Julai 2026. Agizo hilo lina orodha ya vitu ambavyo mtengenezaji hulazimika kuvitengeneza hata baada ya muda wa dhamana. Zimo mashine za kufulia, yamo majokofu, zimo simu. Kamera haimo. Na lau ingekuwamo, amri ya Brussels haimfikii fundi wa Tanga.

Walakini wako wanunuzi katika Afrika ya Mashariki ambao sauti yao ni kubwa kuliko ya mpiga picha mmoja: vyuo vikuu, makumbusho, magazeti, idara za serikali. Hawa hununua kamera nyingi kwa mara moja, kwa zabuni, na karatasi ya zabuni huandikwa nao wala si na kiwanda. Huuliza bei, uzito, ukubwa wa picha, rangi ya mfuko. Hawaulizi kama pazia litauzwa kwa fundi yeyote na kwa bei gani, kama kitabu cha matengenezo kitatolewa pamoja na kamera, wala kama chombo kitapokelewa katika kituo chochote cha kampuni bila kujali kilikonunuliwa. Maswali hayo matatu hayajazi nusu ya ukurasa. Yaweza kuongezwa kabla ya zabuni ijayo kufunguliwa, na kampuni isiyotaka kuyajibu yaweza kurudishiwa bahasha yake.