Hina nyeusi kwa saa moja? Uliza kwanza kilicho ndani ya koni

Mteja wa hina huwa na maswali matatu. Itakolea? Itakuwa nyeusi? Ni pesa ngapi? Nenda Bura, nenda Garissa mjini pale Suuq Mugdi, nenda hata Islii kule Nairobi wiki ya Idi, utasikia hayo hayo. Swali la nne, "Umechanganya nini humu?", ni nadra ulisikie. Mimi nasema hilo la nne lafaa kuwa la kwanza, na kama mchoraji hana jibu la maana, rudisha mkono wako uende zako. Hata kama ni harusi yako. Haswa kama ni harusi yako.

Kwa wasiotujua, Bura si moja tu: kuna hii yetu ya Fafi, Kaunti ya Garissa, na ile ya Tana River, ng'ambo ya mto, penye mashamba ya unyunyizaji. Tatuu ya sindano si mambo ya huku. Waislamu walio wengi wanaihesabu kuwa haramu, na ukirudi nayo kutoka Nairobi utaificha kwa mikono mirefu hata jua likiwaka namna gani. Tatuu yetu ni hina, ile Wasomali wanaiita cillaan. Harusi, Idi, ama tu umeamka Ijumaa ukataka kupendeza. Siku hizi haturidhiki tena na vidole vilivyochovywa rangi. Unaenda na picha kwenye simu: nataka maua makubwa ya Kisudani hapa, mistari myembamba ya Kiarabu kule, na herufi ya jina lake uifiche katikati ya jani. Mchoro wako peke yako, usiofanana na wa mtu.

Na kwa sababu hutoka wenyewe, tunauchukulia rahisi. "Si itafutika tu?" Mchoro utafutika, sawa. Lakini kuna kitu kinachoweza kuingia mwilini pamoja nao ambacho hakifutiki, na hicho ndicho nataka tukizungumzie.

Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo usinitarajie nikupe mhadhara wa kemia. Bahati nzuri, hii haihitaji shahada. Hina ni majani ya mhina, yakakaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani au kijani kilichofifia, na hunuka kama nyasi kavu. Ukiukanda kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, rangi iliyo ndani ya majani hujitoa polepole na kushika ngozi ya juu. Polepole, narudia. Wataka ikae saa nne, sita, hata nane. Ukiibandua, utaona rangi ya chungwa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Subiri. Baada ya siku moja mpaka mbili itakuwa kahawia, au nyekundu iliyoiva. Kiganjani itakolea kuliko mkononi kwa nje, kwa sababu ngozi ya kiganja ni nene. Halafu itaondoka kwa wiki moja mpaka tatu, kadiri ngozi inavyojibandua.

Sasa linganisha na ile nyeusi tititi, inayoshika kabla hujamaliza kikombe cha chai. Hiyo si hina. Pwani wanaiita piko, na jina hilo limeshapanda hadi kwetu. Mara nyingi ni rangi ya nywele, ya unga au ya maji, iliyotiwa peke yake au ikachanganywa na hina ipate mwendo. Ndani yake mna kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, PPD kwa kifupi. Ilitengenezwa ipake nywele, na nywele hazina uhai. Ngozi ina uhai na ina kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo ndiyo noma yenyewe. Mara ya kwanza unaweza kupakwa piko ukakaa fiti kabisa, usiwashwe wala nini. Lakini kimya kimya mwili umeshaitambua PPD kama adui. Ukiirudia, siku moja mpaka tatu baadaye mkono unaanza kuwasha, unavimba, malengelenge yanajipanga kwa kufuata ua lile lile ulilolilipia. Kwa wengine mzio huo, ama aleji kama tunavyosema mtaani, huja baada ya wiki moja au mbili za mchoro wa kwanza. Yakipona, huenda yakaacha alama nyeupe au kovu lililotuna. Na hapo ukasema tatuu ya kudumu ni haramu!

Lakini kovu si mwisho wa hadithi. Mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida hauisamehi maisha yako yote. Miaka ishirini baadaye, mvi zimeingia, unaenda saluni kupaka nywele rangi nyeusi, na uso unavimba hadi macho yanafunga. Wengine hugundua kwamba hawawezi tena kuvumilia rangi za nguo fulani, au baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, kwa sababu mwili unaziona kama ndugu wa adui yule yule. Yote hayo kwa sababu ya mchoro uliodumu wiki mbili.

Hapa ndipo mtu huniambia: "Mimi nimechorwa piko tangu nikiwa darasa la sita na sijawahi hata kuwashwa." Nakuamini. Ila hiyo si kinga. Mzio wa aina hii unaweza kuanza mara ya pili au mara ya kumi na mbili, na kila ukipakwa unarusha shilingi juu. Kuna wanaobahatika mpaka mwisho. Swali ni kama unataka kucheza kamari hiyo siku mbili kabla ya nikaha.

Si maneno ya kutisha watoto. Umoja wa Ulaya unairuhusu PPD katika rangi ya nywele pekee, na isizidi asilimia 2 wakati inapopakwa; kwa ngozi hairuhusiwi kabisa. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, imeidhinisha hata hina yenyewe kwa nywele tu, si kwa ngozi. Na si lazima twende mbali. Chukua boksi la rangi ya nywele dukani, usome yale maandishi madogo. Mengi yanakuambia ujaribu kidogo kwenye ngozi saa 48 kabla ya kutumia. Sasa wewe umeijaza mikono yote miwili na miguu mpaka magotini, bila hata kuliona boksi lenyewe.

Sudan, ambako tunakopi yale maua makubwa, wamelia na kitu hiki kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa huko wameandika kuhusu watu walioimeza PPD, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa kukusudia: shingo na uso huvimba mpaka mtu akashindwa kupumua, kisha figo hugoma. Kwa hivyo ile pakiti ya unga mweusi inayobaki baada ya sherehe, usiiache mahali ambapo mtoto anaifikia.

Je, lawama ni za mchoraji? Watu wengi wangemalizia hapo. Mimi sikubali. Wachoraji wetu wengi ni mabinti na kina mama wanaojitafutia riziki, na yeye ndiye anayeishika piko kila siku kwa vidole vyake, mara nyingi bila glovu. Akiugua, ameumia mara mbili: ngozi na kazi. Anachanganya piko kwa sababu sisi ndio tunaidai. Tunafika jioni, tunataka nyeusi usiku huo huo, na tunataka bei ya chini kuliko ya jirani. Hina ya kweli inadai muda, na sisi tunalipia haraka. Mteja akibadilika, koni itabadilika.

Basi kabla ya kunyoosha mkono, fanya haya.

Panga siku. Kama sherehe ni Jumapili, chorwa Alhamisi au Ijumaa. Rangi itafika kileleni siku yenyewe, na hutakuwa na sababu ya kumwambia mchoraji "niongezee makali". Panga na saa za swala pia: rangi iliyoingia kwenye ngozi haizuii maji ya udhu, lakini hina mbichi iliyoganda juu yake itabidi uiondoe kwanza. Wengi huona afadhali waanze baada ya Isha, walale nayo.

Uliza, kisha tazama. "Umekanda mwenyewe? Lini? Kwa nini?" Mchoraji mzuri hakasiriki, atakuonyesha unga. Inusa. Ikinuka petroli, tina ya rangi au dawa ya saluni, kwaheri. Ikiwa uji wenyewe ni mweusi kama lami, kwaheri. Akikuambia itashika kwa nusu saa, kwaheri ya mwisho. Na kumbuka joto la huku: hina halisi iliyokandwa haina dawa ya kuihifadhi, huharibika kwa siku chache isipowekwa kwenye friji. Koni iliyokaa rafu ya duka miezi mitatu, jua likiipiga, na bado inashika fasta, jiulize ni nini kinachoiweka hai.

Jaribu kidogo. Tone moja ndani ya mkono, siku mbili kabla, kwa koni ile ile. Ila usidanganyike: hata jaribio likipita salama, piko haigeuki kuwa halali kwa ngozi yako. Jaribio ni la kuhakikisha hina unayoambiwa ni ya asili, si leseni ya kupakwa rangi ya nywele.

Malizeni mambo ya mchoro kabla ya tone la kwanza. Omba kuona kazi ya mkono wake mwenyewe, si picha alizotoa mtandaoni. Kubalianeni bei kwa mkono mmoja au miwili, mbele na nyuma, ili msigombane mwishoni. Ukitaka jina, hasa kwa herufi za Kiarabu, aandike kwanza kwenye karatasi ulisome. Nukta moja ikihama, umebeba jina la mtu mwingine. Na mwache aupime mchoro kwa mkono wako. Uliokaa vizuri kwenye vidole virefu vya mwanamitindo huenda ukasongamana kwenye vyako.

Watoto wachanga waache. Hata hina safi kabisa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali ambayo ni ya kawaida zaidi katika jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, yaani sisi. Mtoto anageuka manjano, damu inapungua, na huwezi kujua kwa kumtazama kama anayo hali hiyo. Najua ayeeyo atasema wewe mwenyewe ulipakwa na ukakua. Mjibu kwa adabu, lakini usikubali. Wakubwa kidogo, wale wanaosubiri Idi kwa hamu, wapakwe hina ya kweli tu, piko kamwe.

Na kama umeshaungua? Osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Usikwangue, usitumbue malengelenge, usipake dawa ya meno wala maji ya betri. Nenda kituo cha afya ukamwambie daktari waziwazi, "Nilipakwa piko," usione haya, maana dawa atakayokupa inategemea jibu hilo. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hiyo si ya kungoja asubuhi. Baada ya hapo, rangi nyeusi ya nywele uiage, na umweleze kila msusi atakayegusa kichwa chako.

Wewe wa Nairobi au Mombasa unayesoma ukisema hina si zako, unangoja zamu ya tatuu ya sindano, maswali ni ndugu. Sindano imefunguliwa mbele yako? Glovu ni mpya? Kikopo cha wino kimechovywa na mtu mwingine? Sindano iliyotumika inaweza kukupa homa ya ini aina ya B au C, au hata virusi vya Ukimwi, na mchoro uwe mzuri namna gani hautakulipa.

Urembo si dhambi na sitaki mtu aache kujipamba. Hina imepamba mikono ya nyanya zetu, na walikuwa na kitu kimoja tulichokitupa: subira. Walilala nayo usiku kucha, wakaamka nyekundu. Nyekundu hiyo ilitosha kuolewa nayo. Basi abaayo, ukikaa tena kwenye kile kigoda na koni ikakaribia kidole chako, zuia mkono wa mchoraji kidogo tu, umuulize: umechanganya nini humu?