Kompyuta Ndogo na Televisheni Isiyoonyesha Kitu



Mwezi huu naanza kwa kuungama. Mwaka jana nilimgombeza mwanangu wa kidato cha pili kwa kosa ambalo hakulitenda. Tulikuwa tumemnunulia kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4 ili ajisomee, tukaiunganisha na televisheni ya sebuleni kwa sababu fedha ya kununua kioo chake haikuwepo. Jumamosi moja jioni akaiwasha, na televisheni ikabaki nyeusi, na maandishi madogo ya kusema hakuna mawimbi. "Umeiua!" nikamwambia, tena mbele ya wadogo zake. Siku tatu hakuigusa, na mitihani ilikuwa wiki mbili mbele. Mimi nikaanza kuchota kwenye fedha ya sokoni ili nimpelekee fundi.

Kompyuta haikuwa imekufa. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimesogeza kabati ili nideki nyuma yake, nikachomoa waya, kisha nikaurudisha mwenyewe. Nitakueleza niliurudisha wapi.

Kwa ambao hawajaiona, Raspberry Pi ni kompyuta kamili iliyo kwenye ubao mmoja unaotoshea kiganjani. Ilibuniwa Uingereza, na za kwanza zilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani. Haina kioo chake. Kila inachofanya hukituma kwa waya wa HDMI hadi kwenye televisheni, na programu zake zote hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya kamera. Ndiyo maana kioo kikiwa cheusi hatuwezi kujua mara moja ni nani mgonjwa: kompyuta, waya, kadi, chaja au televisheni yenyewe.

Sisi wauguzi hufundishwa kushika mapigo kabla ya kusema lolote. Hapa mapigo ni taa mbili ndogo zilizo kwenye ubao. Nyekundu ikiwaka, umeme unafika. Ya kijani ikimetameta ovyo ovyo, kompyuta inasoma kadi, yaani iko hai na inafanya kazi hata kama wewe huoni kitu. Usimpelekee fundi mgonjwa anayepumua hivyo. Tatizo liko njiani, kati yake na televisheni.

Hebu shika rimoti. Televisheni nyingi zina matundu mawili au matatu ya HDMI, na king'amuzi huenda kimechukua moja. Bonyeza kitufe cha SOURCE au INPUT uchague tundu ulilochomeka wewe. Usicheke, mama, nimekwisha kuitwa nyumba mbili kwa jambo hili tu.

Kisha ufuatilie waya kwa vidole. Raspberry Pi 4 ina matundu mawili ya picha, madogo sana, yaliyo jirani. La kutumia, kama una televisheni moja, ni lile lililo karibu na tundu la chaja. Kompyuta inapoamka huanza na hilo. Mimi nilikuwa nimechomeka kwenye la pili, tena nusu nusu, kwa sababu kasha la plastiki ni nene na plagi ndogo huishia njiani, ukadhani imeingia. Sukuma taratibu mpaka mwisho, bila kuipinda, maana matundu hayo ni mepesi kuvunjika.

Kuna na suala la nani aamke kwanza. Kompyuta inapowaka huiuliza televisheni, "Wewe unaweza kuonyesha picha ya ukubwa gani?" Televisheni ikiwa imezimwa, mara nyingine hakuna wa kujibu, na kompyuta hukata shauri kwamba hakuna televisheni. Basi washa televisheni kwanza, chagua tundu, ndipo uipe kompyuta umeme.

Kama televisheni yako ni ya kukawia kujibu, yuko dawa yake, ila mwachie kijana anayejua kuandika kwa uangalifu. Kadi huchomekwa kwenye kompyuta nyingine, hufunguliwa faili liitwalo cmdline.txt, na mwishoni mwa mstari ule ule mmoja, baada ya nafasi, huongezwa maneno haya: video=HDMI-A-1:1280x720@60D. Yanaiamuru kompyuta itume picha ya kiasi, iwe imejibiwa au haikujibiwa. Mstari usikatwe ukawa miwili, la sivyo huenda isiwake kabisa. Haya ni kwa mifumo iliyotoka tangu mwishoni mwa 2021. Ya kabla ya hapo ilitumia faili la config.txt, na maneno yake ni hdmi_force_hotplug=1.

Sasa chaja, na hapa akina mama tunaponzwa na kubana matumizi. Kompyuta hii inahitaji chaja ya volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ya zamani, yenye ampea 1, huiwasha vizuri, taa nyekundu ikawaka, halafu kazi ikizidi picha inakatika na kurudi, au kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe. Ukiona alama ndogo ya radi kwenye pembe ya kioo, umeme hautoshi. Waya mrefu na mwembamba wa chaja nao huleta shida hiyo hiyo.

Ikiwa taa nyekundu inawaka na ya kijani haimetameti hata kidogo, nishikie kadi. Chomoa umeme, toa kadi, iangalie kama imekaa sawa, irudishe. Kadi huharibika hasa umeme unapokatika ghafla, au mtoto anapochomoa chaja bila kuizima kompyuta kwa utaratibu. Ikishaharibika huandikwa upya kwa programu ya bure iitwayo Raspberry Pi Imager. Lakini sikiliza vizuri: kazi hiyo hufuta kila kitu kilichokuwa ndani. Kama kuna insha na picha za watoto, zitolewe kwanza, ikiwezekana.

Wengine wanaona picha, ila imekatwa pembeni, na kitufe cha kuanzia kimemezwa na ukingo. Kompyuta haina kosa. Televisheni za kale za kioo kinene zilificha kingo za picha, na za bapa zimerithi tabia hiyo. Tafuta kwenye rimoti sehemu ya ukubwa wa picha, uchague iliyoandikwa Just Scan, Screen Fit au 1:1. Majina hutofautiana kwa kila kampuni.

Na wenye televisheni yenye kisogo? Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia Desemba 31, 2012, nyingi zilibaki majumbani zikisaidiwa na king'amuzi, na ninajua zipo zinazofanya kazi mpaka leo. Raspberry Pi 4 ina tundu la duara linaloweza kupeleka picha kwenye tundu la njano la televisheni hizo. Njia hiyo imefungwa tangu kiwandani, hivyo ni lazima kwanza ifunguliwe kwenye mipangilio, nayo hupunguza kasi ya kompyuta kidogo. Waya wa kamera za video hufanana na unaotakiwa, lakini nyingine zimepangwa tofauti ndani. Picha isipotokea, jaribu plagi nyekundu kwenye tundu la njano. Picha ikija bila rangi, kompyuta inatuma kwa mfumo wa Kimarekani, NTSC, wakati televisheni zetu ni za PAL. Mfumo hubadilishwa, televisheni haihitaji fundi. Maandishi madogo hayatasomeka vizuri, nisikudanganye. Video za masomo zinaonekana.

Mwanangu nilimwomba radhi mezani, mbele ya wadogo zake wale wale. Nikachukua kipande cha plasta kwenye sanduku langu la huduma ya kwanza, nikaandika HAPA, nikakibandika kando ya tundu. Siku ya pili nikakuta ameongeza chini yake kwa kalamu: "Mama, mpaka mwisho."

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia kikohozi cha usiku kwa watoto wadogo.