Msaada, mkopo, fidia: Mwathiriwa wa mafuriko adai lipi?

MVUA za masika za mwaka 2024 zilisababisha vifo vya karibu watu 300 nchini Kenya na kuwafurusha wengine zaidi ya 200,000 kutoka makwao. Mathare, Mai Mahiu, Garsen na kwingineko, maji yalizoa vitanda, mifugo, vyerehani na magunia ya nafaka. Hayo yalitukia miezi michache tu baada ya mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023. Maji hatimaye hupungua, lakini huacha swali gumu: mwenye nyumba na mwenye kibanda watazipata wapi fedha za kuanzia upya?

Swali hili aghalabu hujibiwa kwa kutaja ofisi. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha, napendekeza tuanze na maneno. Msaada, mkopo, fidia na bima hutajwa redioni na mikutanoni kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila neno hueleza uhusiano tofauti baina ya mtoaji na mpokeaji. Asiyejua tofauti hiyo hushukuru mahali anapostahili kudai, na hukopa mahali anapostahili kupewa.

Msaada hutolewa kwa hiari, na anayeukosa hana wa kumshtaki. Huu ndio ambao mashirika kama Msalaba Mwekundu hutoa, siku hizi mara nyingi kwa fedha zinazotumwa kwa simu. Aliye kwenye orodha hupata; asiyekuwemo hukosa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwathiriwa ni kuhakikisha kwamba jina lake limeandikwa sawasawa na chifu au msaidizi wake, pamoja na nambari ya kitambulisho na ya simu.

Fidia ni jambo jingine kabisa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, ambako lilihusu malipo ya kumkomboa mateka. Hata leo hubeba dhana kwamba kuna aliyetenda na aliyetendewa. Mvua haishtakiwi. Lakini bwawa lilipopasuka Solai, kaunti ya Nakuru, Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, swali la nani aliyelijenga na nani aliyepaswa kulikagua lilifika mahakamani.

Sasa tutazame Mei 2024. Rais William Ruto alizuru Mathare na kutangaza kwamba kila familia iliyofurushwa ingepewa Sh10,000 ili itafute makao mengine. Je, huo ulikuwa msaada au fidia, maadamu nyumba nyingi za kando ya mto zilibomolewa na serikali yenyewe? Ikiwa ni msaada, mpokeaji anasema ahsante na mazungumzo yamekwisha. Ikiwa ni fidia, ana haki ya kuuliza hesabu hiyo ilifikiwaje, na kwa nini mpangaji wa chumba kimoja na mwenye duka walipimwa kwa kibaba kimoja. Na lolote liwalo, tangazo la kiongozi ni ahadi, nayo ahadi ni deni.

Mkopo nao unahitaji tahadhari kubwa, hasa kwa wafanyabiashara wadogo. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wake wa kibinafsi ulitozwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na kutakiwa kulipwa katika siku 14. Riba hiyo ni nafuu, lakini mama mboga ambaye kibanda chake kimesombwa hawezi kujenga, kununua bidhaa na kulipa deni katika majuma mawili. Mkopo huokoa biashara iliyosimama, iliyoanguka huielemea. Aliyekuwa na deni kabla ya mafuriko amwendee mkopeshaji mapema, kabla siku ya malipo haijapita, aombe kwa maandishi muda uongezwe. Mwanachama wa chama naye aulize kama kuna mfuko wa dharura kando na ule wa mzunguko.

Bima ni haki iliyonunuliwa, si fadhila. Hata hivyo, mafuriko mara nyingi huwa nyongeza inayolipiwa kando, na mkataba huweka muda wa kutoa taarifa. Mwenye bima asisafishe duka kabla ya kupiga picha na kuorodhesha kila kilichoharibika. Orodha hiyo itamfaa hata asiye na bima.

Kuna mlango mwingine ambao wananchi wengi hawaubishi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaziruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura, kwa ajili ya mahitaji ya haraka yasiyotarajiwa. Tulipime neno hilo "yasiyotarajiwa". Mto Nzoia umefurika Budalang'i mara nyingi kiasi kwamba watoto wa huko hujua msimu wake. Kinachotarajiwa hakistahili kungojea hazina ya dharura. Kinastahili fungu lake katika bajeti. Hapo ndipo wakazi wanapaswa kuwabana madiwani wao, tena wakati wa kiangazi, kabla ya wingu la kwanza.

Mwananchi atajuaje kama kaunti yake ina hazina hiyo, na nani aliyelipwa? Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa haki ya kuuliza kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kumjibu katika siku 21. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa husika.

Hapa nawageukia walimu na wanafunzi. Kila mwaka tunafundisha barua rasmi, na kila mwaka wanafunzi humwandikia mwalimu mkuu wa kubuni kuhusu ziara ya kubuni. Kwa nini wasiandike barua ya kweli kwa kaunti, wakiuliza kuhusu hazina ya dharura? Kwa nini wasiwasaidie wazee wa mtaa kuandaa orodha za hasara, maadamu ni katika shule zizo hizo ambamo waliofurushwa hupewa hifadhi?

Kuuliza si ujinga. Aliyepoteza kila kitu majini amebakiwa na ulimi, na sisi tunaoishi kwa kufundisha lugha tuna wajibu wa kumwonyesha neno la kutumia atakapofika mbele ya meza ya afisa.