Kijana Anajua Gobori Liliko

Ukurasa wa afya huzungumza sana juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Safari hii yafaa tuzungumze juu ya hatari ambayo hailetwi na mbu wala maji machafu, nayo imo katika baadhi ya nyumba zetu. Ni gobori lililofichwa darini au chini ya kitanda.

Gobori si jambo geni Unyamwezini. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipeleka pwani pembe za ndovu na watumwa, ikarudi na nguo, shanga, bunduki na baruti. Kwa silaha hizo Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliunda jeshi lake la vijana, rugaruga. Na mwezi Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona Wajerumani wanaiteka ngome yake hapa Tabora, alijilipua kwa akiba yake ya baruti. Tunawakumbuka kwa heshima, na ni haki yao. Lakini tukumbuke pia kwamba baruti ni baruti, iwe katika ngome ya mtemi au katika kopo lililo uvunguni.

Misafara imekwisha, gobori limebaki. Mmoja amelirithi kwa babu yake, mwingine huwindia porini, mwingine hufukuzia nguruwe shambani. Lisilo na kibali hufichwa, na kwa kuwa limefichwa, halizungumzwi. Hapo ndipo ninapoona kosa letu sisi wazazi. Tunadhani kwamba tusilolisema, mtoto halijui. La hasha! Kijana wa miaka 14 anajua sukari inapowekwa, anajua fedha ya ada iliko, na gobori liliko anajua pia. Asichojua ni jinsi linavyoua.

Gobori hushindiliwa kwa kupitia mdomo wa mtutu: kwanza baruti, halafu kitambaa, kisha vipande vya chuma. Likishashindiliwa laweza kukaa hivyo kwa miezi, na kwa kulitazama tu huwezi kujua. Tena mengine hutengenezwa na mafundi wa vijijini kwa mabomba yasiyokusudiwa kazi hiyo. Mtutu ukipasuka, mpigaji mwenyewe hupoteza vidole au macho. Kwa hiyo kaa na vijana wako, wa kiume na wa kike, uwafundishe mambo manne:

1. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imeshindiliwa, hata mwenyewe akisema ni tupu.
2. Bunduki haielekezwi kwa mtu, hata kwa utani.
3. Ukiiona, usiiguse. Ondoka mahali pale ukamwambie mtu mzima. Mwenzako akiitoa ili ajionyeshe, kuondoka si woga.
4. Baruti, fataki na risasi za kuokota si vitu vya kuchezea wala vya kutupa motoni.

Tusimsahau kijana mwenye huzuni. Uchunguzi wa miaka mingi huko Marekani umeonyesha kwamba katika nyumba yenye bunduki hatari ya mtu kujiua ni kubwa kuliko katika nyumba isiyo nayo. Kijana aliyefeli mtihani, au aliyekaripiwa mbele za watu, asiikute silaha karibu katika saa ya uchungu wake.

Siri hii ina madhara mengine. Mtoto akijeruhiwa, familia huogopa polisi na kumtibu nyumbani kwa majani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika, lakini mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza na fomu hufuatwa baadaye. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Usichokoe vyuma, wala usipake majivu, udongo au mafuta ya taa. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Mpeleke upesi hospitali, iwe Kitete, Ndala au iliyo karibu zaidi, hata kama tundu ni dogo, kwani ndani madhara yaweza kuwa makubwa. Atahitaji pia sindano ya kuzuia pepopunda.

Wapo watakaosema kwamba gobori ni ulinzi wa nyumba. Nawakumbusha Sungusungu, walioanza huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguvu yao ilikuwa kijiji kizima kuitikia mwito kwa pinde na mishale, si silaha ya mtu mmoja iliyofichwa asikoijua jirani.

Mwenye kibali aifungie silaha yake kwa ufunguo anaoutunza mwenyewe, na baruti au risasi aziweke mbali nayo. Asiye na kibali ajue kwamba sheria ya mwaka 2015 inamkataza kuwa nayo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Hapa Tanzania serikali ilitangaza msamaha wa namna hiyo Septemba na Oktoba 2022. Kipindi kama hicho kikitangazwa tena, usikiache kipite. Anayeogopa kwenda peke yake amwombe katekista au mwenyekiti wa jumuiya amsindikize.

Amri ya Tano haikatazi kuua kwa makusudi tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, yafundisha kwamba si halali kumweka mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito. WAWATA, VIWAWA na jumuiya ndogondogo walizungumze jambo hili katika mikutano yao. Nawe mzazi, usingoje mkutano. Zungumza na wanao leo jioni, baada ya sala ya familia.