Tanga la Plastiki na Swali la Faida

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, watafiti wa vyuo vikuu huulizwa swali lilelile: kazi hii italeta faida gani, na lini? Swali ni halali, kwa kuwa fedha ni za mlipa kodi. Lakini likiulizwa mapema mno, na jibu likatakiwa liingie katika fomu ya mwaka mmoja, huua elimu kabla haijazaliwa. Nitalitetea dai hili kwa mfano unaoonekana kuwa mbali kabisa na maisha yetu, nao ni tanga la plastiki lililotandazwa na Wajapani angani mwaka 2010.

Chombo hicho, IKAROS, kilirushwa Mei 2010. Mwezi uliofuata kilitandaza utando wenye mita 14 kila upande na unene wa mikromita 7.5, mwembamba kuliko unywele. Hakikuwa na milingoti. Kilijizungusha, na vizito vidogo vya pembeni vikauvuta utando ukakaza. Mwanga wa jua ulilisukuma tanga lote kwa nguvu inayolingana na uzito wa takribani sehemu ya kumi ya gramu moja. Ni haba mno, ila haikomi, na haihitaji mafuta. Nahodha wa jahazi hugeuza usukani majini. Huko hakuna maji. Wahandisi waliweka kingoni mwa tanga vipande vyembamba vya fuwele kimiminika, kitu cha jamii ileile inayoonyesha tarakimu kwenye kikokotoo. Vikipewa umeme, hubadilisha namna vinavyorudisha mwanga. Upande mmoja ukasukumwa zaidi ya mwingine, na tanga likageuka. Desemba mwaka huohuo IKAROS ilipita karibu na Zuhura.

Ujuzi wa kukunja na kukunjua vitu vyembamba haukuanza mwaka ule. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Koryo Miura wa Chuo Kikuu cha Tokyo alikuwa akichunguza jambo ambalo wengi wangelicheka: mikunjo inayojitokeza silinda nyembamba inapobonyezwa. Uchunguzi wa aina hiyo ulimfikisha kwenye mkunjo unaoitwa kwa jina lake, ambao huwezesha karatasi nzima kufunguka kwa kuvuta pembe zake tu. Mkunjo huo ulipelekwa angani mwaka 1995, robo karne baadaye. Tanga la IKAROS lilikunjwa kwa njia nyingine, lakini taasisi aliyofanyia kazi Miura ni mzazi wa mojawapo ya zilizoungana mwaka 2003 kuunda JAXA, shirika lililolirusha. Na mikunjo ya silinda? Leo ipo pia kwenye makopo ya vinywaji huko Japani, ikiyapa uimara.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, William Buehler, aliyekuwa katika maabara ya silaha za jeshi la majini, alikuwa akitafuta aloi ya kutengenezea pua za makombora. Mchanganyiko wake wa nikeli na titani ukaonekana kuwa na tabia ya ajabu: ukiukunja kisha ukaupasha moto, hurudi katika umbo lake la awali. Mwaka 1997 waya wa aloi hiyo ulisogeza kioo kidogo kwenye gari la Sojourner huko Mirihi, ili kupima vumbi. Hospitalini, aloi hiyohiyo hutengenezewa vijibomba vya wavu vinavyozuia mishipa ya damu isizibe. Nani katika maabara ya makombora angeweza kumwandika mgonjwa wa moyo kwenye safu ya wanufaika?

Nitaambiwa kwamba Japani na Marekani ni tajiri, na kwamba sisi tuna zahanati zisizo na dawa. Hoja hiyo ni nzito, na sidai tujenge roketi. Lakini uchunguzi wa mikunjo hauhitaji roketi. Unahitaji karatasi, hisabati, na mtu aliyeachiwa muda. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa angani kutoka Kibo, maabara ya Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kupitia mpango wa JAXA na Umoja wa Mataifa. Mlango, basi, upo. Anayeweza kuupita ni yule aliyekuwa akijifunza miaka mingi kabla haujafunguliwa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila chuo kikuu cha umma kitenge sehemu ndogo ya fedha zake za utafiti kwa maswali yasiyo na tarehe ya faida. Maombi yapimwe na wataalamu wa fani husika kwa ubora wa swali na uwezo wa mwombaji. Muda uwe miaka kumi, na kila mwaka matokeo yatangazwe hadharani, yakiwemo yaliyoshindikana, ili mlipa kodi aone fedha yake ilikokwenda. Sehemu iliyobaki iendelee kujibu mahitaji ya leo kama kawaida. Taifa linalofadhili majibu ya mwaka huu peke yake litaendelea kununua, kwa bei ya wengine, majibu ya miaka ijayo.