MCHEZA KWAO HUTUNZWA, LAKINI NANI AMTUNZE?

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Walikuwa na maana kwamba anayecheza mbele ya watu wanaomjua hakosi tuzo, kwani jasho lake wameliona. Je, ngoma ikitoka uwanjani ikachezwa na mamilioni wasiomjua mtunzi, tuzo itamwendea nani?

Septemba 2019, binti wa miaka 14, Jalaiah Harmon, akiishi kando ya mji wa Atlanta, Marekani, alitunga mtindo wa dansi kwa wimbo wa hip-hop wa K Camp uitwao "Lottery". Mtindo huo, Renegade, ulienea duniani kwa njia ya simu. Walioiga wakawa mashuhuri, na katika biashara hiyo umashuhuri ni fedha. Mtunzi alipoomba atajwe, alipuuzwa. Aliyemtoa gizani si hakimu bali mwandishi wa habari: Februari 2020 gazeti la New York Times lilimtaja, na siku chache baadaye akacheza Chicago mbele ya umati wa mpira wa kikapu, katika pambano la wachezaji nyota.

Huyo alibahatika. Mwanamuziki 2 Milly wa Brooklyn alitoa wimbo wake "Milly Rock" mwaka 2014, na watu wakaucheza kwa mtindo wake. Mwaka 2018 kampuni ya Epic Games iliweka mchezo wa miguu na mikono unaofanana na huo ndani ya mchezo wa Fortnite, ikaupa jina jingine, na wachezaji wakaulipia. Desemba mwaka huo 2 Milly alikwenda mahakamani. Machi 2019 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua, katika shauri jingine, kwamba mtunzi hawezi kushtaki kabla kazi yake haijaandikishwa. Yeye na wenzake wakaondoa kesi zao.

Wapo watakaosema kwamba dansi ni mali ya wote, na kwamba kila hatua ikiwa na mwenyewe, hakuna atakayethubutu kucheza arusini. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu ofisi ya hakimiliki ya Marekani haiandikishi hatua chache za dansi. Lakini kijana anayecheza arusini hauzi kitu. Anayeuza ni mwingine, naye huja na mawakili. Sheria inayowapima wawili hawa kwa kipimo kimoja humlinda mwenye nguvu.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, jambo hili si la Wamarekani peke yao. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua ngoma za jadi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Wanafunzi wanapocheza siku ya mahafali, mshereheshaji hutaja mgeni rasmi mara kumi. Ni nadra amtaje aliyetunga ngoma. Tuanzie hapo. Kila shule iwe na daftari la kuandikia mtunzi, mahali na mwaka. Gharama yake ni kalamu, na siku mnunuzi atakapobisha hodi, tutajua nani wa kumtunza.